Mwalimu wa Kona ya Viharusi

Watu wa Mwanza tunapenda mno mkasa unaofanana na fumbo. Ukimtaja Mwalimu mbele ya wale waliokuwa hospitalini miaka ile ya tisini, watatikisa kichwa na kukwambia kwa sauti ya chini kwamba dunia hii ina mambo: mwanamke amefundisha kiharusi maisha yake yote, halafu kiharusi hicho hicho kikamchukua. Wanasema kikamchukua. Hasira hunipanda kila nikisikia neno hilo, kwa sababu mimi nilimwona baada ya hapo, na hakikumchukua. Kilimpata, ndiyo. Nalisema mapema ili msomaji asikae akisubiri nimshtue nalo mwishoni. Lakini kupatwa ni jambo moja na kuchukuliwa ni jambo jingine, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo aliyoipigania miaka yote niliyomfahamu.

Alikuwa daktari wa magonjwa ya ndani, na sisi tulikuwa wanafunzi wa tiba tuliopelekwa wodini kujifunza kwa macho na mikono. Kwao hasa ni wapi sijui, na hakuwa mtu wa kuulizwa mambo ya kwao. Manesi walimwita Mwalimu, wagonjwa walimwita Mwalimu, hata madaktari wenzake waliomzidi cheo walimwita hivyo, wengine kwa heshima na wengine kwa kuchoshwa naye. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye sauti kubwa isiyolingana na mwili wake. Koti lake lilikuwa limefubaa kwa kufuliwa, lakini viatu vyake viling'aa siku zote, na aliingia wodini kwa mwendo wa mtu anayekwenda kudai haki yake.

Darasa lake lilikuwa kona ya mwisho ya wodi, karibu na dirisha lililotazama mawe na kipande cha ziwa. Kabla yake kona ile ilikuwa mahali pa kuwaweka watu waliopooza ili wasizibe njia. Ndugu zao waliiita kona ya kusubiri, na kila mtu alijua wanasubiri nini. Mwalimu aliposhika wodi alikataa jina hilo. Akasema kuanzia siku ile itaitwa kona ya viharusi, na mwanafunzi yeyote anayetaka kufaulu kwake atakaa hapo mpaka aijue kama anavyojua jikoni kwao.

Ubongo alitufundisha kwa chaki, lakini si ubaoni. Alimwita mwanafunzi mwenzetu aliyezoea kunyoa kipara, akamkalisha kwenye stuli, na kuchora juu ya kichwa chake. Hapa mbele ya mstari unaotoka sikio hadi sikio, mkono na uso. Hapa juu katikati, mguu. Hapa upande wa kushoto, kwa watu walio wengi, maneno. Nyuma kabisa, kuona. Chini ya kisogo, ubongo mdogo unaomfanya mtu asipepesuke kama amelewa. Kisha alishusha mistari miwili shingoni na kuivusha, wa kulia ukaenda kushoto na wa kushoto ukaenda kulia, chini kabisa ya shina la ubongo, kabla njia hazijaingia uti wa mgongo. Yule mwenzetu alikwenda kula mchana na ramani hiyo kichwani, maana Mwalimu alimkataza kuifuta mpaka kila mmoja wetu awe ameisoma kwa kidole. Watu wa kantini walidhani amefanyiwa dawa.

Baada ya somo hilo hukuruhusiwa tena kusema mgonjwa "amepooza upande." Ulitakiwa useme ni mshipa gani umeziba au umepasuka, umekata damu sehemu gani, na umejuaje. Ukisema upande wa kulia umepooza na maneno yamepotea, ataitikia na kusubiri. Ukisema ubongo wa kushoto, ataendelea kusubiri. Ukisema mshipa wa katikati, mkono na uso vimeumia kuliko mguu, hapo ndipo atakugeuzia mgongo na kwenda kitanda kinachofuata. Kugeuziwa mgongo ndiko kulikuwa kusifiwa.

Alikuwa mkali, na sitampamba. Alimfukuza wodini mwenzetu mmoja kwa kumsemea mgonjwa kana kwamba hayupo. Mgonjwa alikuwa amelala macho wazi, na yule mwenzetu akasema mbele yake kwamba dalili si nzuri. Mwalimu alimwuliza kama angependa habari za kifo chake zisomwe na yeye akiwa sebuleni. Hakuomba radhi kwa lolote, hata alipokosea, na alikosea kama watu wengine. Alipogundua kwamba amemgombeza nesi bure, siku iliyofuata alimletea embe na kuliweka mezani bila kusema neno. Manesi walijifunza kulipokea.

Kosa letu kubwa, ambalo nadhani lingeweza kufanywa na sisi wa darasani tu, lilihusu bibi mmoja aliyeletwa kutoka vijijini, upande wa Misungwi. Mimi na mwenzangu tulipewa tumpime. Tulimwambia kwa Kiswahili chetu cha darasani ashike mikono yetu na kukaza kwa nguvu zake zote. Bibi alitupa mikono laini, ikalala katika yetu. Tulimwuliza jina lake, alikula nini, leo siku gani. Alitutazama tu. Tukarudi kwa Mwalimu tukiwa tumejaa maarifa: mikono yote miwili haina nguvu, usemi umepotea, pande zote mbili za ubongo zimeathirika, hali mbaya sana.

Mwalimu aliinuka. Alikwenda kitandani, akachutama mpaka akawa chini ya macho ya bibi, akamsalimia kwa Kisukuma, tena Kisukuma kibovu: "Mwangaluka, mayu." Bibi akafunguka. Alizungumza mfululizo, kuhusu mguu wake, kuhusu mbuzi aliowaacha, na kuhusu watoto wawili wasiokuwa na adabu waliokuja kumshika mikono na kumtaka aiminye. Kwao mwanamke mzima hamkazii mkono mgeni, sembuse daktari. Humpa mkono mlegevu kwa heshima. Mwalimu alimwomba amsaidie kuinuka kitandani, na bibi akamng'ang'ania mkono wa kulia kwa nguvu ambayo ingetosha kukamua ng'ombe. Wa kushoto tu ndio ulioteleza.

"Mmempima adabu," Mwalimu akatuambia. "Hamkumpima nguvu. Nendeni mkaanze upya."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba somo lake halikuwa la mishipa peke yake. Alitufundisha kuuliza kwanza saa ngapi mtu alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa sababu kiharusi huja ghafla, na kinachokuja polepole kwa wiki kadhaa ni kitu kingine. Alitufundisha kumwambia mgonjwa akunje paji la uso: mdomo ukiwa umekwenda upande lakini paji linakunjika pande zote, tatizo liko ubongoni, paji likibaki tambarare upande ule ule, huenda ni mshipa wa fahamu wa uso wenyewe, na mtu huyo usimtishe bure. Alitufundisha kupima sukari kabla ya kufungua mdomo. Siku moja aliletwa kondakta wa basi, mkono na mguu vimelegea, maneno hayaeleweki, ndugu wameshaanza kulia mlangoni. Sukari ilikuwa imeshuka sana. Aliwekewa maji ya sukari mshipani, na haikuchukua muda akaketi na kuuliza basi lake liko wapi. Ndugu wakapiga magoti wakisema ni muujiza. Mwalimu alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alisema muujiza ni neno la watu wasiopima, na akawataka wainuke wakamnunulie mgonjwa chakula.

Mwalimu huyo huyo aliyejua shinikizo la damu kwa undani kiasi kile alikula chumvi bila kiasi. Alikuwa na kifuko cha chumvi ndani ya mkoba wake. Aliitia kwenye embe bichi, kwenye dagaa ambao tayari walikuwa na chumvi, hata kwenye ugali. Wagonjwa aliwahubiria waache chumvi mpaka wakamwogopa, kisha akaenda ofisini na kufungua kifuko. Nilipothubutu kumwambia, alijibu kwamba yeye ni mwalimu, si mfano. Vidonge vya presha alipewa na hakuvimeza sawasawa; nesi mmoja alivikuta kwenye droo yake. Sifichi jambo hili. Wanaosema kiharusi kilimwendea kwa kisirani waache kisirani. Kilimwendea kwa njia ile ile aliyotuonyesha kwa chaki.

Vita vyake virefu zaidi vilikuwa dhidi ya uji. Kwetu mgonjwa asiyelishwa ni aibu ya ukoo mzima, kwa hiyo saa ya kuona wagonjwa ilipofika, mabinti na wakwe waliingia na chupa za uji wa moto, wakamwinua mgonjwa shingo kidogo akiwa amelala, na kummiminia kwa kijiko. Mgonjwa aliyepooza koo hukohoa kidogo tu, au hakohoi kabisa, na uji huenda mapafuni. Baada ya siku chache homa inapanda, pumzi inakuwa nzito, anakufa, na watu wanasema kiharusi kimemmaliza. Mwalimu alisimama mlangoni na kukusanya chupa za uji kama askari wa forodha. Alitukanwa kwa Kisukuma, Kihaya, Kijaluo na Kiswahili. Binti mmoja alimwambia mbele ya wodi nzima kwamba anamwua mama yake kwa njaa.

"Namnyima uji leo," Mwalimu alimjibu, "ili wewe usimnyime pumzi kesho. Kaa hapa nikuonyeshe."

Akamketisha yule mama wima kabisa, kidevu kikielekea kifuani, akampa maji kidogo kwenye kijiko cha chai, akiwa ameweka vidole kooni pake. Alisubiri. Akamwambia aseme "aaa." Sauti ikatoka na maji ndani yake, ikikoroma. Akamwangalia binti, na binti akajifunika uso kwa kanga. Mama yule alilishwa kwa mpira wa puani mpaka koo lilipoamka, na aliyekuja kumfundisha kila mwanamke mgeni habari ya kijiko cha maji ni binti yule yule. Mwalimu alipenda watu waliomgombeza kwanza. Waliomkubalia haraka hakuwaamini.

Kulikuwa na daktari kijana aliyerudi kutoka masomoni nje, mwenye mkoba mzuri, ambaye alitaka kila mgonjwa wa kiharusi ameze aspirini mara anapofika. Mashine ya kupiga picha ya ubongo hatukuwa nayo. Tuliisoma vitabuni tu. Mwalimu alimwuliza anajuaje kwamba huyu aliyelala hapa damu yake imeganda na haijavuja, maana aspirini kwa damu inayovuja ni kuongeza balaa. Kijana akasema wengi wao huwa imeganda. Mwalimu akamwambia huyu si wengi, huyu ni mmoja, na akamtaka ahesabu dalili: ameumwa kichwa ghafla au la, ametapika au la, fahamu zilipotea mara moja au la. Hata hapo akakiri kwamba mkono wa daktari hauwezi kuona ndani ya fuvu, na asiyejua lazima aseme hajui. Walibishana pia kuhusu presha. Kijana alitaka kuishusha yote siku ile ile. Mwalimu alisema ubongo una kiu na yeye anafunga bomba. Walibishana mwaka mzima, na sidhani kama kuna mtu hospitalini aliyemheshimu Mwalimu kuliko kijana yule. Baadaye alifungua kliniki yake mjini Nyamagana, serikali ilipokwisha kuruhusu kliniki za watu binafsi, na akamwomba Mwalimu aende wakafanye kazi pamoja. Alikataa. Alisema wagonjwa wake hawajui kupanda ngazi za kliniki.

Nisisahau habari ya mkono wa kushoto. Aliletwa mzee mfugaji kutoka upande wa Magu, mtu wa ng'ombe wengi na wake wawili, upande wa kulia umekufa na maneno yamebaki machache sana. Koo lake lilikuwa zima, tulilipima. Lakini hakutaka kula. Mkewe mkubwa alimlisha kama mtoto, naye aligeuza uso ukutani machozi yakimtoka. Sisi tuliandika kwamba ana huzuni. Mwalimu aliuliza kwa nini hatumii mkono wa kushoto ulio mzima, na mkewe akashtuka. Mzee mzima ale kwa mkono wa kushoto, mbele za watu, mkono ule?

Siku iliyofuata Mwalimu alikuja na bakuli lake la ugali na sato wa mchuzi. Akavuta kiti akaketi uso kwa uso na mzee, akanawa, akala kwa mkono wa kushoto. Alikula vibaya mno. Tonge lilivunjika, mchuzi ukatiririka hadi kwenye kiwiko na kuchafua koti. Hakusema neno lolote la kufundisha. Mzee alimwangalia, halafu nusu ya mdomo wake ikaanza kucheka, na baadaye kidogo mkono wake wa kushoto ukatoka chini ya shuka na kuchukua tonge kwenye bakuli la Mwalimu. Mkewe alitoka nje. Aliporudi alileta maji ya kunawa na kuyaweka upande wa kushoto.

Sasa sikiliza ukaidi wa mtu huyu. Wiki ile ile, darasani, nilimpa chaki kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na vitabu. Aliuacha mkono wangu ukining'inia hewani mbele ya wenzangu wote mpaka nilipoweka vitabu chini. "Wewe binti, mkono wako wa kulia unaumwa?" aliniuliza. Nikasema hauumwi. Akasema basi nisimletee ushenzi.

Aliamini kwamba ubongo ulioharibika hutafuta njia nyingine. Njia ya Mkuyuni ikijaa maji, alisema, watu wanapanda juu kwenye mawe na wanafika mjini wamechelewa, lakini wanafika. Na kadiri wanavyopita ndivyo njia ya juu inavyokuwa njia kweli. Kwa hiyo hakutaka mgonjwa afanyiwe. Alitaka afanye, vibaya, tena na tena. Ndugu aliwakalisha upande uliopooza ili mgonjwa alazimike kuugeukia. Mtu aliyemwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono uliolegea alikiona cha moto, maana bega huchomoka kwenye nafasi yake na maumivu yake hayaishi. Kwake yeye, kupona hakukupimwa kwa kipimo cha nguvu za misuli. Aliuliza mtu huyu nyumbani kwake alikuwa nani, na sasa anaweza tena kuwa huyo kwa kiasi gani. Mama aliyeweza kuchagua mchele alikuwa amepiga hatua kubwa machoni pake kuliko kijana aliyeinua mguu juu kisha akarudi kulala akihudumiwa kama sultani.

Halafu wakaja kuitaka kona. Ilikuwa miaka ya kuchangia gharama, kila hospitali inatafuta namna ya kujiendesha, na mjini watu wa viwanda vya minofu ya sangara walikuwa na uwezo wa kulipia kitanda kizuri. Dirisha letu lilitazama ziwa. Kikao kiliitwa, na sisi wanafunzi tuliruhusiwa kusimama nyuma. Mkuu wa hospitali, mtu mpole aliyebanwa kila upande, alieleza kwamba vitanda vile vinakaliwa muda mrefu na watu ambao, tuseme ukweli, hawatapona.

Mwalimu alisimama. "Hawatapona," aliuliza, "au ninyi hamtawasubiri?"

Alizungumza kwa muda, akawataja wagonjwa kwa kazi zao: mshonaji aliyerudi kwenye cherehani, mzee aliyerudi kuhesabu ng'ombe wake mwenyewe, mama wa kijiko cha maji. Alisema mkimpeleka nyumbani mtu asiyeweza kugeuka kitandani, mnampelekea mkewe maiti inayopumua, na baada ya mwezi mtasema mlijua. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha kona ikachukuliwa. Ikajengwa ukuta wa mbao, ikapakwa rangi, ikawekwa mapazia na televisheni, na wagonjwa wa kiharusi wakawa wanaruhusiwa kwenda nyumbani mara tu wanapoweza kumeza.

Nilidhani atavunjika moyo. Siku ya kwanza baada ya kona kuondoka alitukuta tumesimama pembeni ya ule ukuta mpya kama waliofiwa, akatuuliza tunangoja nini, wagonjwa wamehama na sisi tuhame. Akatupeleka majumbani kwao. Tulipanda vilima vya mawe vya Mkuyuni kwa miguu jua likiwa juu, yeye mbele na viatu vyake vinavyong'aa, sisi nyuma tukihema. Somo likaendelea kwenye mikeka na vitanda vya kamba, majirani wakichungulia. Aliyetaka kutugombeza kwa kuacha wodi alimgombeza yeye, naye alijibu barua kwa barua. Aliendelea hivyo mpaka alipostaafu.

Kilipompata nilikuwa nafanya kazi nje ya Mwanza. Nilipata habari imechelewa, ikiwa imeshapikwa na kutiwa viungo: Mwalimu kwisha habari yake, Mwalimu amebaki nusu. Nilipopata likizo nilikwenda kwake Mkolani kumwona. Nikiri kwamba njiani nilikuwa nimejiandaa kumhurumia.

Nilimkuta kwenye kiti cha mbao barazani, mgongo umenyooka, kanga imefungwa vizuri. Mkono wa kushoto ulikuwa mapajani umejikunja. Nikampa shikamoo. "Marahaba," akasema, na sauti ilikuwa nzito, ikivuta maneno, lakini ilikuwa yake. Sikuruhusiwa kuketi. Alisema nimweleze kwanza kiharusi chake. Basi nikasimama pale kama mwanafunzi, nikamtazama: mkono umeumia kuliko mguu, mdomo umeshuka kushoto, paji linakunjika, maneno mazito lakini akili iko kamili. Nikasema ubongo wa kulia, mshipa wa katikati. Alinigeuzia uso kando, nami nikajua nimefaulu, nikaketi upande wake wa kushoto.

Mwanawe mkubwa ndiye aliyeleta chai. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha samaki, mtu mzuri, macho yamechoka. Alinisubiri mpaka nilipokwenda kunawa, akanifuata uani. Alinieleza kwamba mama yake alianguka jikoni akapasuka juu ya jicho, akitaka kupika mwenyewe, na kwamba tangu siku hiyo ameificha fimbo juu ya kabati na kumkataza kusimama bila mtu.

"Dada, mwambie akae," alisema. "Sisi hatusikii. Wewe ni dokta, tena mwanafunzi wake, atakusikia. Akianguka tena nitawaambia nini watu?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anampenda kwa namna ile ile ya mabinti wa chupa za uji, na nilijua kwamba nikisema neno moja, akae, atakuwa nalo la kumwonyesha kila siku: hata dokta wako amesema. Angekaa kwenye kiti kile mpaka mguu usahau kazi yake. Vilevile nilijua kwamba anaweza kuanguka. Kijana hakuwa anabuni. Nilirudi barazani nikamaliza chai yangu bila kuonja chochote.

Nilipoaga, Mwalimu aliweka mkono wake wa kulia kwenye egemeo la kiti na kuanza kuinuka. Mwanawe akaja haraka akasimama mbele yake. "Mama, kaa. Dokta anakwenda mwenyewe, njia anaijua."

"Ni mgeni wangu," Mwalimu akasema. "Namsindikiza."

Kijana akanigeukia. Mwalimu naye akanigeukia, akiwa nusu amesimama. Wote wawili walinisubiri niseme.

Nikamwambia kijana alete fimbo.

Alisita, kisha akaingia ndani, nikasikia kiti kikiburutwa kuelekea kabatini. Alipoileta nilisimama upande dhaifu wa Mwalimu, nyuma kidogo, mkono wangu karibu na kiuno chake bila kumgusa, na tukashuka ngazi ya baraza. Fimbo kwanza, mguu mbaya, mguu mzuri. Mguu wa kushoto ulichora mstari mavumbini. Jasho lilimtoka. Mbele ya duka la jirani watu waliacha kuzungumza, na mama mmoja akamwambia kwa huruma arudi akapumzike, asijitese. Mwalimu alisimama, akavuta pumzi, akamwuliza kama yeye wageni wake huwaagia kitandani. Mama yule akacheka kwa aibu na kutupisha. Tulipumzika penye kivuli cha ukuta, tukaendelea. Nguvu zake zote zilikuwa miguuni.

Tulipofika barabarani niliangalia nyuma na kuona umbali alionao wa kurudi peke yake, na moyo ukanishinda. Nikamwambia, kama watu wanavyofanya siku zote wakiagana, ngoja nami nikurudishe kidogo.

"Hapana," akasema. Ilimchukua muda kuyapanga maneno. "Ukinirudisha, mimi ni mgonjwa wako. Ukienda, mimi ni mwenyeji wako. Nenda."

Nikampa mkono, akaukaza mpaka ukaniuma. Nikaenda. Nyuma yangu nilisikia hatua za mwanawe akija mbio, kisha ile sauti nzito ya wodini ikimwambia arudi nyumbani akaondoe vikombe vya mgeni, yeye anakuja.